Anayefuata Nyuma

Kila Jumapili baada ya ibada, Clavery Rwegoshora, fundi baiskeli wa Bugene, hufunga karakana, hupanga kreti mbili za soda, huweka ubao juu yake, kisha huwapeleka watu pangoni.

Pango lenyewe limo ndani ya kaunta buku. Ni mchezo aliofundishwa na mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Ujerumani. Kila mchezaji ana karatasi ya mtu wake: jina, kabila, nguvu, silaha, na ngazi aliyofikia. Clavery ndiye msimamizi. Anawaeleza wachezaji wanachokiona, wao wanasema wanachofanya, na dadu inaamua nani apone.

Wachezaji siku hizi ni wawili tu. Elipidius ni dereva wa bodaboda. Prudensia anafundisha shule ya msingi.

"Mlango wa chuma," Clavery husema. "Mnaingia wawili. Na Shyaka nyuma."

Hapo hakuna anayecheka, hata Elipidius, ambaye hucheka hata misibani.

Shyaka alikuwa mtu wa Niyitegeka. Kinyago chake, kilichochongwa kwa mti wa mbuni, bado husogezwa ubaoni nyuma ya wengine, kwa sababu sheria ya mchezo inasema mchezaji asipokuwepo, mtu wake huwafuata wenzake kimya: hasemi, hapigani, hafi. Niyitegeka hajakuwepo miaka kumi na moja. Alifia ng'ambo ya mpaka, kwa homa, katika kambi ambayo Clavery hajawahi kuiona. Lakini Shyaka anafuata. Mara nyingine Clavery akiwa peke yake, akiziba pancha, husikia kama kuna mtu amesimama nyuma ya mabega yake akingoja kuambiwa jambo. Hageuki. Amekwisha kujifunza kutogeuka.

Jumapili hiyo mlango wa karakana ulikuwa wazi nusu. Msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye vumbi la Kyerwa hadi magotini, aliinama akaingia.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Leo hatutengenezi, mwanangu."

"Sina baiskeli. Mimi Nikuze. Niyitegeka alikuwa kaka yangu."

Prudensia alisimama kumpisha kiti. Elipidius akamsogezea kahawa ya kutafuna, iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba. "Karibu dada. Tafuna kwanza, maneno hayakimbii."

Nikuze hakuipokea. "Alinipigia simu akiwa kule kambini, mimi nimebaki huku kwa bibi, kabla hajazidiwa," alisema. "Alizungumzia mchezo wenu kuliko alivyozungumzia ugonjwa. Alisema mtu wake alikwama ngazi ya nne. Nimekuja kumpandisha ya tano."



"Haiwezekani," alisema Clavery, na sauti ilimtoka ile ile aliyomjibu nayo Niyitegeka zamani. "Shyaka ni mtu wa msituni. Watu wa msituni mwisho wao ni ngazi ya nne. Ndiyo sheria."

"Hata akiua joka?"

"Hata akiua majoka kumi," Elipidius alidakia. "Mimi wangu ni mtu wa kawaida, mwoga kuliko kuku, na yuko ya saba. Mchezo wa wazungu huu, usiutafutie haki."

Mtu anazaliwa, na kabla hajafanya lolote mstari wa mahali pa kukomea umeshachorwa! Clavery aliwahi kuona ni sheria nzuri, yenye utaratibu. Siku Shyaka alipolimaliza joka, Niyitegeka aliruka akagonga kichwa kwenye paa la bati. "Tano! Niandikie tano!" Clavery akamsomea sheria. Ulikuwa mwaka ule nyumba kama yao, zenye asili ya ng'ambo ya mpaka, zilipoanza kuulizwa vyeti vya mababu na kufukuzwa. Niyitegeka, aliyezaliwa Nkwenda, upande huu huu wa mpaka, akabatizwa Nkwenda, alikaa chini taratibu. Akamtazama Clavery muda mrefu, kama anayemsubiri amalizie sentensi.

"Hata huku nako?" aliuliza, akacheka kidogo.

Wiki ile ile familia ililazimishwa kuvuka mpaka.

"Nionyeshe ilipoandikwa," alisema Nikuze.

Clavery alifunua kaunta buku. Nikuze aliugusa ukurasa kwa kidole, akashtuka. "Mwandiko wake huu."

"Yeye ndiye aliyejua Kiingereza. Mwalimu alikuwa anaondoka na kitabu chake. Kaka yako alisoma, akatafsiri, akaandika. Mimi nilishika taa."

Kidole kilishuka polepole, kikasimama. "Sheria zote zimebanana. Kwa nini chini ya hii ameruka mstari?"

Prudensia alichungulia. "Kweli. Miaka yote hii sijaona."

Clavery alikuwa ameona. Aliuona kila Jumapili, mstari mweupe, mwembamba kama mlango uliorudishiwa tu. Angeweza kusema wino uliisha. Mdomo ulianza hata kulitengeneza neno. Lakini nyuma ya mabega yake alimsikia aliyesimama, akingoja.

"Kulikuwa na sentensi nyingine," alisema. "Niyitegeka alinisomea. Kwamba msimamizi akiona inafaa, anaweza kukiondoa kizuizi. Nikamwambia asiiandike. Nilisema watu watanisumbua kila siku, niondolee hiki, niondolee kile. Akaacha nafasi. Alisema, labda utabadili mawazo."

"Kwa hiyo siku ile alijua," alisema Nikuze.

"Alijua."

"Alikuwa anakungoja wewe."

"Ndiyo."

Elipidius aliyatema maganda ya kahawa kiganjani, akakosa pa kuyaweka. "Clavery," alinong'ona, "wewe bwana."

Clavery alichukua kalamu. Aliijaza ile nafasi, neno kwa neno, jinsi alivyoikumbuka; alikuwa anaikumbuka yote. Kisha akaitoa karatasi ya Shyaka, akafuta nne, akaandika tano. Pembeni akaanza kuweka tarehe: mwezi wa nane, mwaka elfu mbili na kumi na tatu.

Nikuze akamshika mkono.

"Weka ya leo," alisema. "Ya siku ile ulimkatalia."

Akaweka ya leo. Nikuze aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Kinyago alikiacha ubaoni.

"Hukichukui?" aliuliza Prudensia.

"Mmetembea naye muda mrefu. Kaeni naye."

Akatoka. Walimsikia akipatana bei na bodaboda wa kwenda Kayanga.

Baada ya muda Elipidius alizishika dadu. "Tuendelee?"

"Mlango wa chuma," alianza Clavery. "Mnaingia wawili." Akafika kwenye jina la Shyaka. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja aligeuza kichwa, akatazama nyuma ya mabega yake.