Kigoda cha Mgeni Asiyekuja

Harufu ya udi wa vijiti hainiachi. Juzi nilikuwa Kakamega mjini nikinunua nyaya, nikapita mbele ya duka la Mhindi mmoja, moshi mwembamba ukatoka mlangoni na kunijaa puani. Nikasimama pale kama mtu aliyeitwa. Mimi ni fundi wa umeme mwenye diploma. Nimefanya kazi Doha, nimerudi kijijini kwetu Malinya na kujenga nyumba ya vigae kwa jasho langu, bila kusukumwa na mtu yeyote. Wapita njia hupunguza mwendo waitazame, na siwalaumu. Lakini harufu ile hunirudisha kwenye ua uliopakwa samadi, asubuhi ya baridi, na mtu aliyefumba macho kando ya kigoda kitupu.

Mtu huyo alikuwa baba mdogo Musonye. Ndiye aliyekuwa wa kwanza katika ukoo wetu kupanda ndege. Alikwenda India kusoma, nasi tukabaki tukimngoja arudi na mambo makubwa. Aliporudi nilikuwa darasa la nne. Alikuwa amekonda, koti likimning'inia kama limetundikwa ukutani, na sanduku lake lilikuwa na nguo chache na pakiti za udi. Alikuwa na ugonjwa ambao miaka ile hakuna aliyeutaja kwa jina. Watu walisema tu "ule", na sauti ikashuka.

Kukhu, maana ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, alimpa chumba cha mbele. Hapa sharti niwaambie jambo, ili mjue tulichokuwa tukiogopa. Mwanawe wa kwanza, Shitandi, alifukiwa na udongo katika shimo la dhahabu kabla sijazaliwa. Kukhu alikataa kula. Alimlaumu mke mwenzake kwamba amemloga kijana, akamtukana mchana kweupe, mpaka yule mama akabeba watoto wake akahamia Shianda. Kukhu mwenyewe alipelekwa hospitali akiwa amebebwa kwenye blanketi. Boma letu likabaki nusu. Basi nilimsikia baba akimwambia mama jikoni, akidhani nimelala: "Huyu naye akienda, mama atamfuata. Tutachimba makaburi mawili."

Kila asubuhi, kabla jua halijapita migomba, Musonye alitoka nje, akachomeka kijiti cha udi kwenye udongo, akakiwasha, akaketi juu ya gunia lililokunjwa, miguu imepishana, macho yamefumbwa. Hakuomba wala hakuimba. Kwetu mgonjwa haachwi na kimya. Watu huja, huimba, hunywa chai, husimulia wagonjwa wengine waliopona. Kimya cha Musonye kilitutia baridi wakubwa kwa wadogo, ingawa sisi watoto tulikicheka. Mimi nilimwiga shuleni, nikapata sifa nyingi kwa hilo.

Kukhu alimtazama kwa muda, halafu akaamua mwenyewe. Mtu hafumbi macho na kutega masikio hivyo bila kungoja mtu. Na Musonye angemngoja nani kama si ndugu yake aliyetangulia? Basi asubuhi moja alitoa kigoda chake cha miguu mitatu, akakifuta kwa leso, akakiweka kando ya gunia, na juu yake kikombe cha chai.

Musonye alipofumbua macho akauliza, "Mama, hii ni ya nani?"

"Ya huyo unayemngoja."

"Singoji mtu."

"Na akija bila kungojwa, atakaa wapi?"

Musonye alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kigoda kikabaki pale, na kila siku chai ikapoa, nami nikatumwa kwenda kuimwaga chini ya migomba.

Habari zikafika kanisani. Wamama wakaja wakiongozwa na Mama Roda, ambaye sauti yake iliweza kutenganisha mafahali wanaopigana. "Huyu anakaa hivi kila siku?" akamwuliza kukhu. "Hiyo ni miungu ya Wahindi. Ndiyo inamkula. Leta hivyo vijiti tuvichome."

"Vimetengenezwa vichomwe, Mama Roda," Musonye akasema kwa upole. "Karibu unisaidie."

Baba aliinama akajifanya kufunga kamba ya kiatu. Lakini kukhu hakucheka. Alimsogelea mwanawe. "Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Hiki unachofanya kitakuponya?"

"Hapana, mama."

"Mmesikia," akasema Mama Roda.

"Basi ni cha nini?"

Musonye akaeleza polepole, akipumzika katikati ya maneno. Alipoambiwa kule India kwamba anaumwa, alikaa chumbani akipiga ukuta kwa ngumi. Mtawa mmoja mzee wa Kibudha, jirani yake, akasikia kelele na kuja kumfundisha kukaa. Budha, alisema, hakuwa mungu. Alikuwa mtu aliyeketi chini na kujiuliza kwa nini tunateseka na mateso yanaishaje.

"Ugonjwa unanichoma, hilo siwezi kuzuia," alisema. "Lakini nikianza kuuliza kwa nini mimi, ni nani amenifanyia, hapo najichoma tena kwa mkono wangu. Nikikaa hapa naangalia pumzi ikiingia na kutoka. Maumivu yanakuja, yanakaa, yanaenda. Nachomwa mara moja tu." Akamgeukia kukhu. "Wewe, mama, unajichoma na Shitandi mpaka leo."

Jina hilo halikuwa limetajwa katika ua ule tangu nipate akili. Kukhu aligeuka, akaingia jikoni, akafunga mlango. Wamama waliimba, waliomba, wakaenda zao. Nililala nikiamini kwamba Musonye atafukuzwa.

Asubuhi kukhu alitoka na kigoda bila chai. Akakiweka mahali pake, akakikalia yeye.

"Nifanye nini?"

"Pumua."

"Nimekuwa nikipumua tangu nizaliwe."

"Sasa iangalie."

Machozi yalimtoka kukhu, na hakuyafuta. Walikaa hivyo asubuhi baada ya asubuhi, mpaka mvua ikaanza na Musonye akashindwa kutoka kitandani. Kigoda kikahamia ndani. Siku moja niliwapelekea uji, nikamkuta kukhu amemwekea mwanawe kiganja kifuani, anatazama.

"Imetoka," akaniambia. "Haijarudi."

Alilia, msidhani hakulia. Alilia mpaka ng'ambo ya mto wakajua. Lakini wazee walipokusanyika na kuuliza ni nani aliyemwendea kijana kwa uchawi, kukhu alisema, "Hakuna mtu." Kisha akala obusuma, ugali wa kwetu, alioletewa, tonge baada ya tonge, sote tukimwangalia mkono. Akatuma ujumbe Shianda, na mke mwenzake akaja kuzika.

Mimi niliona Musonye ameshindwa. Amepanda ndege, akaenda mbali, akarudi na kitu kisichoponya hata mafua. Nikaapa kwamba nikienda mimi, nitarudi na vitu vya kuonekana kwa macho. Nimerudi navyo, na anayebisha aje aone tangi na geti.

Kule Doha nililala chumba kimoja na mchomeleaji wa Sri Lanka aliyekaa vilevile kila alfajiri juu ya godoro lake. Nilimsimulia habari za Musonye, nikamwambia kwamba dawa ile haikufanya kazi. Aliniuliza, "Alikuwa akikaa na nani?" Ndipo nilipoelewa. Musonye alijua kwamba anaondoka. Dawa ilikuwa ya anayebaki. Tulichimba kaburi moja.

Mama yangu alifariki nikiwa huko huko. Nilipata simu nikiwa juu ya ngazi, nyaya mkononi. Mpaka leo sisemi na ndugu yangu, kwa sababu alichelewa kumpeleka hospitali, au ndivyo ninavyojiambia. Nyumba yake naiona kutoka dirishani kwangu.

Kigoda cha kukhu nilikirithi mimi. Nimekiweka sebuleni, juu ya marumaru. Asubuhi nyingine nawasha udi, naketi, naweka kikombe juu yake. Kati ya boma langu na la ndugu yangu pana ua mfupi tu wa miti. Chai inapoa, nami huinuka kwenda kuimwaga.