Bao la Watu Kumi na Mmoja

Jamani, leo nimefungwa na timu yangu mwenyewe!

Mwalimu wetu aliyetoka Tanga kaleta sheria mpya ya mazoezi: bao halihesabiwi mpaka wachezaji wote kumi na mmoja wa timu wameugusa mpira. Eti ndiyo ujamaa.

Basi, pasi zikatembea! Kumi wakagusa, wakafika golini kwa wenzetu.

"Kipa bado!" mwalimu akapaza sauti.

Kipa ni mimi. Niko kule chini, maana uwanja wetu wa Malindi umeinama kama paa.

Mwenzetu Singano akanirudishia mpira. Mteremko ukauongezea kasi. Nikaugusa kwa vidole... huo, golini kwetu!

Mwalimu akapuliza filimbi. "Wote wamegusa. Halali!"

Wapinzani wakanibeba mabegani. Mfungaji wao ni mimi!

Nyie mngelikubali bao hilo?