Majina ya wenzake wa nyambizi

Leo nimelia kazini, jamani.

Kuna mzee ninayemhudumia hapa Thamesmead, huku ughaibuni. Ujana wake wote aliumalizia kwenye nyambizi za jeshi la wanamaji.

Asubuhi nimempelekea chai, nikamkuta anaongea peke yake. "Roy. Derek. Ken."

Nikadhani amechanganyikiwa. Nikamuuliza taratibu, "Unawaita akina nani?"

"Wenzangu wa nyambizi. Nimebaki mimi tu. Nisipowataja, nani atawataja?"

Nikamsogezea kikombe cha chai.

"Na wewe una nani wa kumtaja?" akaniuliza.

Nikamwambia ni baba yangu, Kilonzo. Alifariki nikiwa huku, sikuweza kwenda kumzika.

Mzee akalijaribu lile jina. Akakosea, nikamrekebisha, akarudia tena na tena, mpaka likatoka vile mama hulitamka.

Hapo ndipo machozi yalinitoka.

Nanyi mna nani? Mtajeni hapa chini.