Mbolea Iliyochoma Pua

Kuna mlinganyo mmoja wa kemia ambao nikiuona mpaka leo damu hunichemka. Si kwamba ni mgumu. Mtoto mwenye kichwa chepesi anaumaliza kabla chai haijapoa. Huu hapa, kama ulivyoandikwa ubaoni kabla ya kusawazishwa:

Ca(OH)₂ + NH₄Cl → CaCl₂ + NH₃ + H₂O

Kushoto ni chokaa na chumvi ya amonia. Vikikutana, chumvi inavunjika na gesi ya amonia inatoka. Kazi ya mwanafunzi ni kuusawazisha, yaani kuhakikisha kwamba atomu zilizoingia upande wa kushoto wa mshale ndizo zilizotokea upande wa kulia, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana mjini Bungoma, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, na mlinganyo huo ulinishinda muhula mzima.

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa kijana wa upande wa Kitale, mtoto wa wakulima waliohamia huko kutoka mkoa wa kati. Kemia aliijua. Kufundisha ndiko kulikomshinda. Aliandika akiwa ametupa mgongo, na ukimuuliza kwa nini, alirudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Dawa za maabara zilifungiwa kabatini zikingoja mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo sisi wengine tulisoma gesi bila kuinusa na rangi bila kuiona.

"Andikeni," alisema siku hiyo. "Amonia. Gesi isiyo na rangi, yenye harufu kali ya kuchoma pua."

Niliinua mkono nikauliza inanuka kama nini hasa.

"Inanuka kama nimesema andika," alijibu, na darasa likaangua kicheko.

Nilikasirika. Nilikuwa mwepesi wa kukasirika, na mama alizoea kusema hasira yangu inapika githeri bila kuni. Lakini nilikuwa na haki. Unamwambiaje mtu kitu kinachoma pua, halafu unamnyima pua?

Aliniita ubaoni nisawazishe. Niliona klorini ni moja kushoto na mbili kulia, basi nikachukua chaki nikatia kijimbili chini ya ile ya kushoto. NH₄Cl₂. Si zimekuwa mbili? Mwalimu akafuta kwa kiganja.

"Hiyo kitu haiko duniani! Namba ya chini haiguswi. Namba inawekwa mbele."

"Kwa nini haiguswi, mwalimu?"

"Kwa sababu haiguswi!"

Tulikwenda hivyo hadi muhula ukaisha. Kila alipoandika mlinganyo, mimi nilitia kijimbili changu, naye alifuta. Wenzangu walishaacha kuuliza. Waliweka namba mbele kwa kubahatisha, na wakipata walishangilia. Mimi sikuweza. Kama sheria haina sababu, kichwa changu kinagoma kama punda wa mteremko. Siku ya kufunga shule Aprili alinipa mlinganyo ule ule niende nao nyumbani. "Ukirudi na hicho kijimbili chako," alisema, "utasomea nje."

Kurudi kwenyewe ndiko kulikokuwa na shaka, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi kuliko kemia. Nyumbani kwetu ni Tongaren, kwenye mashamba ya skimu yaliyogawiwa watu na serikali, na shule ilikubali karo kwa mahindi. Kila mwaka lori lilipita baada ya mavuno likakusanya magunia ya wazazi. Lakini mwaka uliotangulia baba alikuwa ameuziwa mbolea bandia. Mtu alifungua mifuko, akachota mbolea, akajaza mchanga mle ndani, akashona tena. Tulivuna mahindi ya kula tu, na hata hayo hayakufika mbali. Baba alikwenda kumwona mkuu wa shule akiwa amevaa koti lake la kanisani, akamsihi aniache nisome mwaka mzima, na mavuno yatakayofuata yote yaende shuleni. Mkuu alikubali kwa sharti moja: lori likirudi mikono mitupu, nisionekane langoni Januari. Basi nafasi yangu darasani ilikuwa imelala ardhini kabla hata mbegu haijapandwa.

Nilipofika nyumbani mvua ilikuwa imeanza. Afisa wa kilimo alikuwa amewaambia watu kwenye baraza la chifu kwamba udongo wetu umekuwa na asidi kwa sababu ya mbolea ya miaka mingi, na dawa yake ni chokaa, imwagwe shambani mapema, wiki nyingi kabla ya kupanda. Baba alisikia vizuri. Shida ni kwamba chokaa aliipata Kitale kwa kuchelewa, tena ile ya unga ya kupaka kuta, na ilipofika Tongaren ng'ombe wa kulima walikuwa wamekwisha kuazimwa na majirani walikuwa wanapanda. Hakuna mtu kwetu anayengoja wiki nyingi huku jirani anapanda. Baba akaamua kupita shambani mara moja tu. Alitandika turubai uani, achanganye chokaa na mbolea pamoja.

"Chokaa mfuko moja," alisema, akihesabu kwa kidole, "mborea mifuko mbili."

Nilikuwa nimekaa juu ya mfuko mmoja wa mbolea, nikiutazama ulivyoshonwa mdomoni kwa uzi mweupe. Na hapo hapo, bila mwalimu, bila ubao, jambo likaingia kichwani. Mfuko umeshonwa kiwandani. Kilichomo ndani kimepangwa, na ukitaka zaidi huufungui ukaujaza. Unaleta mfuko mwingine. Namba ya mbele ni mifuko mingapi. Namba ya chini ni kile kilichoshonewa ndani. Anayeigusa namba ya chini ni yule mwizi wa mwaka jana, aliyefungua akatia mchanga, na anachokuuzia si mbolea tena. Hiyo kitu haiko duniani! Chokaa moja, chumvi mbili. Klorini mbili huku, mbili kule. Amonia mbili, maji mawili. Nilisawazisha kwa kijiti kwenye vumbi la ua na ukakubali kila upande. Nilipiga ukelele wa furaha hata mama akatoka jikoni akifikiri nimeumwa na nge.

Furaha hiyo haikudumu. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, na baba alikuwa anageuza mchanganyiko kwa koleo. Kitu kikanipiga puani, kikapanda mpaka nyuma ya macho. Machozi yakanitoka. Mama akapiga chafya. Kuku waliokuwa wanazunguka turubai wakaondoka.

Baba akasimama, akavuta pumzi, akakohoa, na uso wake ukachanua kama wa bwana harusi.

"Hii ndio mborea, bana!" alisema. "Mwaka jana tulinusa nini? Si ilikuwa kama mchanga wa mto? Sikia hii. Hii iko na nguvu!"

Nilitazama turubai, nikatazama vumbi nililoandikia. Mbolea ile haikuwa ile chumvi ya darasani, lakini ilikuwa na amonia yake ndani, na chokaa ilikuwa inaitoa. Harufu aliyoisifu baba ilikuwa mbolea yenyewe ikienda zake.

"Baba, acha. Mbolea inaenda."

"Inaenda wapi?"

"Juu. Hewani. Hiyo harufu ndiyo mbolea. Ukiinusa, jua haiko tena kwenye turubai."

Baba akainua kichwa, akatazama mawingu. Majirani wawili wanawake waliokuja kutusaidia kupanda wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Ati iko juu," mmoja alisema. "Basi tupande mahindi huko."

Nilimweleza. Nilimwonyesha kwa kijiti, mfuko mmoja na mifuko miwili, kinachoingia na kinachotoka. Nilisema chokaa na mbolea havikai pamoja, kwamba tumwage hiyo iliyochanganywa pembeni, tuokoe mfuko ambao bado haujafunguliwa. Sauti yangu ilikuwa imepanda, nami najua si sauti ya kumwambia mzazi mbele ya majirani. Lakini nilikuwa sijawahi kuwa na uhakika hivyo na jambo lolote maishani, na hakuna aliyenisikiliza.

"Hiyo ni ya shule," baba alisema polepole. "Mimi nimelima tangu hujazaliwa. Mborea bila harufu ndio ilitumaliza. Sasa imekuja na harufu, ati nimwage?"

"Nyamaza, mamangu," mama akanong'ona, akanitia mkononi kifuniko cha soda. "Baba yako ameteseka na hii shamba."

Kwetu mbolea hupimwa kwa kifuniko cha soda, kimoja kila shimo. Nilipangwa kwenye mstari nyuma ya jembe la ng'ombe, nikachota, nikamwaga, nikafukia kwa mguu. Kila kifuniko kilinichoma macho kidogo kuliko kile kilichotangulia. Nilijua maana yake. Wale wanawake walidhani nalia kwa sababu ya ukali wa mbolea, na kwa kweli sikuwa nalia kwa jingine. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sijawahi kusikia walichosema juu ya mkuu asiyesikia la mdogo. Labda walikuwa wakuu wote.

Niliporudi shuleni mwalimu aliita jina langu akinitegea. Niliweka mbili mbele ya chumvi, mbili mbele ya amonia, mbili mbele ya maji. Alitazama ubao.

"Hatimaye," alisema, akaendelea na somo.

Hatimaye! Neno moja tu. Nilitaka kumwambia kwamba kama angefungua lile kabati Februari, akatupa pua, ningeijua harufu ile kabla ya koleo la kwanza. Lakini alishageuka ubaoni.

Mahindi yaliota vizuri, na baba akajivuna. Yalipofika magotini yakaanza kugeuka manjano kutoka majani ya chini. Bado kulikuwa na nafasi ya kuyaokoa kwa mbolea ya kukuzia, lakini baba hakuinunua, akisema iliyochoma macho namna ile haihitaji kuongezwa. Likizo ya Agosti nilikuta shamba lote ni rangi ya ndizi mbivu. Baba alinipeleka kulitazama, tukatembea toka mwanzo hadi mwisho. Sikusema, "Nilikuambia." Nililibana neno hilo kwa meno mpaka taya zikauma.

Lori la shule lilipita baada ya mavuno. Halikuingia kwetu. Januari, sanduku langu la bati lilibaki chini ya kitanda, na wenzangu wakaenda kidato cha nne. Nilifua, nililima, nilisaga mahindi ya watu, na nilikuwa na hasira kila siku niliyoamka. Nilimkasirikia mwalimu, nikamkasirikia baba, halafu nikamkumbuka yule mwizi wa mbolea mwenye uzi na sindano aliyemfundisha baba kuamini pua yake, nikamkasirikia yeye zaidi.

Baba hakuniomba msamaha. Kwetu mzazi haombi. Ila Februari, kabla ya mvua, alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni akitazama nje.

"Hii chokaa," alisema. "Unasema ikae kwanza peke yake?"

"Ikae. Mwage sasa, ichanganyike na udongo. Mbolea ije wakati wa kupanda."

"Hata mimi nilikuwa nafikiria hivyo," akasema, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata nilimsikia nje ya kanisa akiwaeleza wanaume wenzake kwamba amegundua jambo, chokaa na mborea ni kama wake wenza, kila mmoja anataka nyumba yake. Walitikisa vichwa wakamsifu. Nilisimama pale na Biblia ya mama mkononi nikatamani kumtupia mtu. Lakini mwaka huo mahindi yalikuwa ya kijani mpaka mwisho, na lori liliingia kwetu.

Nilirudi Januari iliyofuata. Shule ilisema nimesahau mengi, nirudie kidato cha tatu. Wenzangu walikuwa wamemaliza na kuondoka. Niliketi na wasichana ambao nilipowaacha walikuwa kidato cha kwanza, wakibebeshwa maji na sisi. Mwalimu alikuwa yule yule, ila mwaka huo alikuwa na ufunguo wa kabati. Alitia chokaa na chumvi katika mrija wa kioo, akapasha moto, akaupitisha mbele ya madawati. Wasichana walifunika pua, wakapiga kelele na kucheka. Mimi sikufunika.

"Mnaona?" alisema. "Hakuna atomu iliyopotea. Zilizoingia ni zile zile zilizotoka. Katika kemia hakuna kinachopotea." Akaninyooshea kidole. "Wewe, ndiyo. Hii amonia tusipoikusanya kwenye chupa, inakwenda wapi?"

"Inakwenda na miaka yangu miwili, mwalimu."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Gesi ikiendelea kutoka kwenye ule mrija mkononi mwake, akaniomba kwa upole nimfungulie dirisha.