Kidonge Kilichopondwa

Mwaka juzi nilikuwa nafanya kazi kwenye maabara ndogo ya dawa huko Mbweni. Tulikuwa tukijaribu kutengeneza kidonge cha usingizi kinachoyeyuka polepole: ganda la nje limlaze mtu, na kiini kiachie dawa iliyobaki taratibu mpaka alfajiri. Mama yangu mdogo, aliyeishi peke yake Mwanakwerekwe tangu afiwe na mumewe, naye alikuwa ameandikiwa na daktari vidonge vya aina hiyo.

Asubuhi moja nikampitia kabla ya kazi. Nilipiga hodi, kimya. Nikaingia kwa mlango wa uani, nikamkuta kalala mkekani, mdomo wazi. Nilimwita, nikamtikisa bega. Hakuitika. Pumzi yake ilikuja, ikakatika, nikasubiri ije nyingine, na kule kusubiri ndiko kulikonimaliza.

Kando yake palikuwa na kikombe cha chai, ungaunga mweupe umeganda chini, na mchi mdogo wa kutwangia iliki. Nikajua amekiponda kidonge chake. Kidonge kile kikipondwa, hakuna tena ganda wala kiini. Dawa ya usiku mzima huingia mwilini kwa mkupuo mmoja.

Nilipiga ukelele, jirani akaja, tukambeba hadi kwenye gari lake. Njia nzima nilimwekea kiganja chini ya pua.

Hospitali wakamtilia oksijeni. Daktari akaniuliza, "Kameza vingapi?"

"Kimoja, nadhani. Lakini kakiponda."

"Una hakika ni kimoja?"

Sikuwa na hakika. Nilikaa kwenye benchi nikisoma kila dua niliyoijua, nyingine zikinipotea katikati.

Adhuhuri ilishapita alipofumbua macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mnanikodolea macho?"

"Ulikiponda kidonge?"

"Kikubwa kile, mwanangu, kinankwama kooni. Nkakitia kwenye chai. Kwani si dawa ile ile?"

Nilimshika mkono, nikalia.

Niliporudi maabara nilikiponda kidonge chetu kimoja, nikakitia kwenye chombo chenye maji ya vuguvugu. Dawa yote ikatoka papo hapo.

"Tutaandika kwenye boksi kwamba kisipondwe," akasema mwenzangu.

"Mama yangu mdogo hasomi maboksi," nikamjibu.

Tukaanza upya, tukitafuta kidonge kidogo zaidi, kinachomezeka. Tulikipata. Hata hivyo, kila sampuli mpya ikitolewa kwenye mashine huwa nafikiria majiko yote yenye mchi ambako kidonge kitafika na mimi sipo.