Jua Lililogoma Kutoka Chumbani

Ni saa mbili asubuhi na Zohali bado haina pete. Fundi wa zana za kufundishia, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Dunia, ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wake, sayari kaibana kwa vidole viwili, anaizungushia duara la kadibodi. Gundi imemganda mpaka kwenye nyusi.

"Ukitaka kuingia ndani, vua mkoba kwanza," anamwambia mgeni bila kuinua macho. "Halafu pita ubavuubavu."

Si utani. Chumba chake cha kupanga kina kitanda, kabati, jiko la mafuta na Jua. Jua lenyewe ni tufe la karatasi lililopakwa rangi ya manjano, lenye upana wa zaidi ya mita moja. Mlango una sentimita themanini. Hesabu hiyo aliifanya baada ya kumaliza kazi.

Kabla ya hapo alikuwa akitengeneza vichwa vya kuvalisha mawigi kwenye saluni. Vichwa kumi na viwili vilimlipia kodi ya mwezi mmoja, na saluni zenyewe zilishaanza kukimbilia vya plastiki.

"Kazi ya vichwa inachosha roho," anasema. "Ukigeuka, mtu anakukodolea macho, na hana hata unywele."

Kwa hiyo mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani alipomtaka atengeneze Jua na sayari zake, alipiga vigelegele mpaka mumewe akazinduka usingizini. Mume ni mlinzi wa usiku. Mchana ndio usiku wake.

Mwalimu alikuwa na sharti moja tu: ukubwa uwe wa kweli. Alikuwa amechoshwa na picha za vitabuni zinazoonyesha Jua na Dunia kama mtu na mdogo wake. Kwa vipimo alivyoleta, Dunia ilikuwa sawa na harage dogo, na Mshtarii sawa na chungwa kubwa.

"Dunia niliimaliza kabla chai haijapoa," anasema Mama Dunia. "Nikajisemea, kumbe kazi yenyewe ndiyo hii!"

Jua ndilo lililomtoa jasho. Fito aliziingiza chumbani moja moja, akazipinda, akazifunga kwa waya, akafunika kwa magazeti na uji wa ngano, tabaka juu ya tabaka. Ndani akatundika taa. Likapendeza, tena sana. Siku ya kulipeleka shuleni wakaja vijana wanne na mkokoteni, wakavuta kutoka nje huku mume akisukuma kutoka ndani. Jua likafika mlangoni, likagoma.

Jirani yao, fundi wa gereji, alikuja kutazama, mikono mfukoni.

"Hapo tatizo ni msuguano," akatamka. "Leteni maji ya sabuni."

Maji ya sabuni yakaletwa, yakamwagwa. Msuguano labda ulipungua, lakini karatasi ikinywa maji huvimba. Jua likanenepa palepale mlangoni, likakaza kila upande. Dirisha lina nondo. Mume akawa amefungiwa ndani, na zamu yake inakaribia. Ikabidi ampigie simu bosi.

"Bosi, nitachelewa kidogo. Jua limeziba mlango."

"Jua gani wewe? Huku kwetu limeshazama!"

"Si hilo, bosi. Hili la mke wangu."

Bosi akamwambia kwa sauti ya upole, ile ya kuongea na mgonjwa, apumzike hadi kesho. Majirani wakaazima feni, wakalipuliza Jua mpaka likakauka, likasinyaa, likachomoka kwa kishindo na kurudi ndani. Mume ndiye aliyelipokea, kwa kifua.

Kesho yake mwenye nyumba akafika. Alikuwa amesikia kwamba wapangaji wake wanapanga kung'oa fremu ya mlango.

"Mlango wangu hauguswi," alisema akiwa amefura. "Likate hilo dude! Na kodi mnayolipa ni ya watu wawili. Hapa mimi naona watatu."

Mama Dunia anapofika hapa anaacha kucheka. Alichukua msumeno, akauweka juu ya Jua. Alijua fika kwamba ukikata ufito mmoja, zote zinafyatuka na hakuna wa kuzirudisha. Bila Jua hakuna kazi ya shule, na bila kazi ya shule anarudi kwenye vichwa vyake vya upara.

"Mkono ulikataa," anasema. "Nililia, wala sioni haya kusema. Nikampigia mwalimu nimwambie ukweli, nimwombe radhi."

Mwalimu alikuja, akapita ubavuubavu, akakaa kitandani. Akalitazama Jua, akaitazama Dunia kiganjani, akaanza kukokotoa alitundike wapi harage lile darasani. Akajikuna kichwa. Mara akaangua kicheko mpaka machozi.

"Mama, hata lingetoka lisingefaa! Kwa vipimo hivi Dunia inatakiwa ikae zaidi ya mita mia moja kutoka kwenye Jua. Darasa langu lina mita nane."

Mama Dunia alisahau mlango, mwalimu akasahau utupu uliopo kati ya Jua na sayari zake. Wakasameheana hapohapo. Na kwa kuwa Jua halikuwa na mpango wa kwenda popote, ikaamuliwa sayari ndizo zije.

Wiki iliyofuata darasa zima lilihamia mtaani. Taa ikawashwa ndani ya Jua, mlango ukaachwa wazi, watoto wakagawiwa sayari na kutawanyika. Utaridi alizunguka vizuri, ila njia yake ilipita nyuma ya mabafu, na mama mmoja aliyekuwa akioga akapiga yowe. Neptuni, ambaye makazi yake yalikuwa zaidi ya kilomita tatu, alipewa nauli.

Mwenye nyumba alitokea mbio kuja kuwafukuza. Kabla hajafungua kinywa, mwalimu alimkabidhi Mshtarii kwa heshima zote na kumwelekeza nyuma ya soko. Alisimama huko somo zima, kifua mbele, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwita.

Mama Dunia alibaki mlangoni, mkono juu ya Jua lake, akimtafuta aliyebeba Dunia.

"Mtoto nilimwona kule mwisho wa barabara, kanyanyua mkono," anasimulia. "Harage silioni. Nikasema, Mungu wangu, kumbe sote tumo mle? Mimi, mwenye nyumba, na huo mlango wake!"

Shule imelipa, na italeta wanafunzi kila muhula. Shule nyingine mbili zimeagiza Jua lao na sayari zake. Mwenye nyumba naye siku hizi anatembea akiwaambia watu kwamba Jua liko kwake, na amekubali kumkodishia Mama Dunia stoo tupu iliyo uani, yenye mlango wa mabawa mawili. Mama Dunia anataka kuigeuza karakana na kuajiri wasaidizi wawili. Hata fremu ya chumbani, mwenye nyumba amesema ataing'oa mwenyewe, Jua lihamie stoo.

Mama Dunia anabandika pete ya Zohali, anaipuliza, anageuka kuchungulia chumbani.

"Likitoka nitalikumbuka," anasema taratibu.

"Mimi sitalikumbuka," inajibu sauti ya mume, kutoka nyuma ya Jua.