Fomu ya Meno ya Mama

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana ukiusikia kwa mtu mwingine utaongezewa chumvi. Nilijaza fomu ya matibabu ya mama kwa dakika tatu, bila kusoma.

Ilikuwa fomu ya kwenye simu, ya Kiingereza, kutoka kliniki ya meno huko India. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi na Kiingereza anakijua kuliko mimi, ila macho yake na herufi za simu havielewani kabisa. Alikuwa anasonga ugali. Akanirushia simu: "Nijazie hapo, wewe si ndiye fundi."

Nje washkaji walikuwa wananipigia mluzi, mpira umeshaanza. Maswali thelathini na moja. Una kisukari? Hapana. Una presha? Hapana. Kuna dawa yoyote inayokudhuru? Hapana. Kidole kilikuwa kinateremka tu. Swali moja ndilo lililonisimamisha: unakoroma? Chini yake kulikuwa na nafasi ya maelezo, na mimi nikipewa nafasi ya maelezo siiachi. Nikaandika: Ndiyo, mpaka jirani anagonga ukuta.

"Umesoma yote?" mama akauliza.

"Yote, mama."

"Na ya dawa umeweka?"

"Kila kitu kimo." Nikatuma, nikaenda zangu mpirani.

Sasa, mama ana presha, anameza kidonge kila asubuhi. Na penisilini ni adui yake. Nilipokuwa darasa la pili alipewa vidonge vya jamii hiyo kwa ajili ya kidonda cha mguu. Uso ulivimba mpaka macho yakajifunga, akawa anavuta pumzi kwa shida mpaka tunamsikia tukiwa uani. Baba alishafariki, kwa hiyo mjomba ndiye aliyembeba hospitali. Daktari akaandika onyo kwenye kadi yake kwa wino mwekundu. Haya yote niliyaona kwa macho yangu, halafu nikabonyeza Hapana.

Meno yenyewe yalivunjika kwenye pikipiki ya mjomba. Mjomba analima ndizi Matombo, huko milimani, na siku hiyo alikuwa anamteremsha mama mjini na mikungu miwili nyuma. Utelezi ukawabwaga. Ndizi zilipona. Meno mawili ya mbele ya mama hayakupona. Akawekewa ya bandia, yale ya kuvaa na kuvua, na siku moja akiwafokea wachelewaji paredi yakaruka mpaka kwenye nyasi. Tangu hapo akicheka anaziba mdomo kwa khanga. Mimi nilikuwa naigiza ule mruko wa meno kila tukipata wageni. Sijivunii. Kidogo tu.

Basi mama mmoja wa Kilakala, wa jumuiya yao ya kanisani, akarudi kutoka India na meno ya kupandikiza, anatafuna mahindi ya kuchoma hadharani. Mama akaomba namba ya wakala aliyempeleka.

Ila mama hatangazi safari. Ukishatangaza, anasema, kuna watu wataisindikiza kwa macho. Shuleni aliaga anakwenda kutibiwa, hakusema wapi. Majirani aliwaambia semina, Dodoma. Hata mjomba aliambiwa Dodoma, na hilo lilikuwa kosa kubwa, maana sisi Waluguru ni watu wa ukoo wa mama. Dada hakatwi mwili bila kaka yake kujua. "Akijua ataanza kujilaumu upya," mama aliniambia. "Wewe kausha." Pasipoti aliificha kwenye ndoo ya mchele. Nikakausha.

Jumatatu jioni akanitumia sauti akiwa ameshafika hotelini India: kesho saa nne asubuhi ya huko ndiyo wanaanza. Wao wametutangulia saa mbili na nusu, kwa hiyo kwetu itakuwa saa moja na nusu. Nikamjibu kwa picha ya mamba anayecheka.

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, natafuta tai ya shule juu ya kabati chumbani kwa mama, nikaishika kadi yake ya hospitali. Wino mwekundu. Ameisahau.

Nilikaa kwenye kitanda chake. Kadi iko hapa nyumbani Bigwa, mama yuko India, na kwenye fomu hana ugonjwa wowote duniani isipokuwa kukoroma. Wakimtoa mizizi ya yale meno yaliyovunjika watampa dawa ya kuzuia usaha. Watampa ipi?

Nikapiga. Haipatikani. Nikatuma ujumbe, tiki moja. Ameshatoka hotelini, intaneti imebaki huko. Namba ya wakala iko kwenye simu ya mama tu. Jina la kliniki? Lilikuwa juu kabisa ya fomu, lakini mimi nilikuwa na haraka na mpira. Nilizunguka chumba kile nikifungua droo ambazo nilishazifungua.

Mjomba alikuwa amelala kwetu, ameleta ndizi. Akachungulia mlangoni na mswaki mdomoni. "We mpwa, unatafuta nini kwenye chumba cha dada yangu?" Akaiona kadi. "Semina gani hiyo ya Dodoma mtu anakwenda wiki nzima bila kadi yake?"

Nikamwaga kila kitu. India, fomu, Hapana, kila kitu. Nilitegemea kofi. Mjomba alitema povu dirishani, akasema, "Panda."

Tulifika Kilakala saa moja na dakika tano. Mama wa meno mapya alikuwa anafagia uwanja.

"Shikamoo, mama, naomba namba ya kliniki ya…"

"Marahaba. Mbona mbiombio? Hamjambo? Shamba huko juu vipi, mjomba mtu?"

"Mama, samahani…"

"Kwanza msalimiane na watu. Za nyumbani?"

Sijawahi kuichukia salamu kama siku ile. Nzuri, nzuri, hatujambo, mvua ipo, ndizi zipo. Mwishowe mjomba akasema kwa sauti ndogo, "Dada, mwenzako anaweza kufa." Fagio likaanguka.

Namba hakuwa nayo, simu alishabadilisha. Lakini alikimbilia jikoni akarudi na mfuko wa kitambaa, ameumwaga mchicha wote sakafuni. Ni mfuko waliopewa wagonjwa, una jina la kliniki na namba ubavuni. Namba moja ya mwisho ilikuwa imefifia. Tatu au nane. Nikajaribu tatu, akapokea mzee mmoja mkali sana. Nikajaribu nane.

Akapokea nesi. Kiingereza changu cha kidato cha tatu kilinitoroka, nikasema tu nchi, mji, umri wa mama, meno mawili ya mbele.

"Aaa," akasema, "yule anayekoroma mpaka jirani anagonga ukuta?"

"Ndiyo! Huyo huyo! Msimpe penisilini!"

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. Akauliza fomu ilijazwa na nani. Nikasema mimi. Akaniambia daktari hajamgusa. Jibu la kukoroma lilimtia shaka, kwa sababu anayekoroma hivyo hapewi dawa ya usingizi kiholela. Akampima presha, akaikuta juu, ndipo akaanza kumuuliza upya. Walikuwa wamefika swali la saba. La dawa lilikuwa la kumi na mbili.

Nikawasomea kadi yote kupitia simu, neno kwa neno. Mjomba aliegemea pikipiki, mkono usoni, mswaki mfukoni mwa shati.

Hawakumfanyia siku ile. Walisubiri presha ishuke ndipo wakampandikiza mizizi ya chuma, kwa dawa isiyo penisilini, na tiketi aliyokatiwa na wakala, iliyomtaka apande ndege kesho yake na kidonda kibichi, ikasogezwa mbele. Siku zote hizo sikulala vizuri, nilikuwa nashika simu hata chooni.

Aliporudi, meno ya muda mdomoni, mjomba alikuwa ameshakaa sebuleni tangu asubuhi, hajagusa chai. Mama akamwamkia vizuri, akamwomba radhi mbele yangu. Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimeandaa utani wa kujiokoa, nikauacha, nikamkabidhi kadi yake. Baada ya miezi minne anatakiwa kurudi kuwekewa meno yenyewe, na fomu nyingine ilishafika. Mama akaiweka simu mezani, akasema:

"Kaa hapo. Nisomee swali moja moja, nitajibu mwenyewe, na mjomba wako asikie. Jina la kliniki liandike ukutani kabla hujaanza. Na lile la kukoroma liache kama lilivyo."